Maoni ya Watu wa Bondeni Juu

Hii ni habari ya nchi ya mbali sana, kwa hiyo msomaji asianze kuchungulia dirishani. Nchi hiyo ina bendera, ina wimbo, ina ukame upande mmoja na mafuriko upande wa pili, na juu ya yote ina Serikali inayosikiliza. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Serikali ilijenga kwa kadiri mhandisi alivyoamka, mpaka siku ilipojenga daraja kubwa la chuma katika kijiji kisicho na mto. Wanakijiji walipoulizwa kwa nini walinyamaza, walijibu kwamba hakuna aliyewauliza. Ikaombwa bajeti ya kuleta mto, ikakosekana, na hapo Mkuu wa Nchi akaapa mbele ya kamera kwamba hakuna tofali litakalopanda juu ya tofali jingine kabla mwananchi hajatoa maoni yake. Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Kushirikisha. Jengo lake lina ghorofa nyingi na vioo vya bluu, na halikushirikisha mtu yeyote, kwa kuwa wakati linajengwa Wizara ya kushirikisha watu ilikuwa bado haina pa kukaa.

Zamu ya kushirikishwa ikafika Bondeni Juu. Mtaa huo upo bondeni. Neno "Juu" liliongezwa na waliouza viwanja. Nyumba ya mwisho kabisa, pale ambapo kila tone la maji la mtaa mzima huishia, ilikuwa ya Bi Sikudhani, mjane na fundi cherehani.

Masika kwa Bi Sikudhani haikuwa majira, ilikuwa ni mgeni mwenye ufunguo wake. Maji yakiingia, yeye huweka cherehani juu ya meza, meza juu ya kitanda, na mwenyewe akapanda juu ya vyote akasubiri. Mwaka uliopita yaliondoka na gauni la bibi harusi. Gauni lilionekana likielea kuelekea sokoni, limejaa upepo, limenyooka, na wapita njia wakalipisha njia kwa heshima. Nyumba nayo ilikuwa imechoka. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa ambao mtu angeweza kupitisha mkono akasalimiana na jirani, na kila fundi aliyeutazama alitikisa kichwa na kusema kwamba masika nyingine hautaimaliza.

Kwa hiyo Bi Sikudhani aliposikia kwamba Serikali inakuja kuuliza watu wanataka nini, alikuwa na neno moja tu, naye alilala nalo na kuamka nalo. Alitaka mtaro.

* * *

Inabidi msomaji ajue jambo moja ambalo Wizara haikulijua. Bondeni Juu wanaishi Wakindo na Wadalama, na hao ni watani. Babu zao walipigania chumvi mpaka wakachoka, na walipochoka wakapatana kwamba badala ya kuuana watatukanana, wao na vizazi vyao, na atakayekasirika atatozwa kuku. Tangu hapo Mkindo hamwamkii Mdalama kabla hajamuuliza kama ameoga. Mdalama naye hali chakula cha Mkindo kabla hajakitukana.

Bi Sikudhani alikuwa Mkindo. Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Fungameza, Mdalama, fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na baraza la mama huyo. Hapakupita asubuhi wasitukanane. Na mumewe Bi Sikudhani alipougua, Mzee Fungameza ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, akimlalamikia njia nzima kwamba Wakindo hata wakikonda wana uzito wa bure. Mume alipofariki, ni matusi ya Mzee Fungameza yaliyomfanya mjane acheke mara ya kwanza, na baada ya kucheka akaweza kula. Bi Sikudhani hakuwahi kumwambia ahsante. Mtani haambiwi ahsante, angeona ametukanwa kweli.

* * *

Siku ya mkutano Wizara ilifika na mahema, vipaza sauti, maji ya chupa, na fulana zilizoandikwa SAUTI YAKO NDIYO TOFALI. Kiongozi wa msafara alikuwa Dokta Elihuruma, Mshirikishi Mkuu, mtu mnene mwenye upole wa kuchosha, aliyezaliwa na kusomea mji mkuu, ambako watu hawataniani kwa sababu hawajuani.

"Ndugu wananchi," alisema, "zama za kujengewa zimepita. Hizi ni zama za kujijengea huku mkijengewa. Sisi wa Wizara tumekuja hapa hatuna wazo lolote. Nasema mbele yenu bila haya, hatuna wazo lolote. Mawazo ni yenu. Kanuni ni moja: mwananchi mmoja, wazo moja. Litaandikwa neno kwa neno, na likishaandikwa ni takatifu. Hakuna atakayeligusa, hata mimi."

Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikapelekwa kwa mkubwa wa umri, Mzee Fungameza. Na watani, kama ujuavyo, hupamba moto zaidi mbele ya mgeni.

"Sisi Wadalama hatuna shida," alisema Mzee Fungameza, uso mkavu kabisa. "Shida yetu ni huyu mama hapa mbele yangu. Mdomo wake hauna kufuli. Naiomba Serikali imjengee ukuta mbele ya mlango, mrefu, wa mawe. Uachwe kitundu kidogo cha kumpitishia chakula."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Makarani wa Wizara hawakucheka, waliandika.

Kipaza sauti kikamfikia Bi Sikudhani. Alikuwa na mtaro wake mdomoni, tayari. Lakini mtu ametukanwa na Mdalama mbele ya wageni, atafanyaje? Kuacha tusi la mtani lipite bila jibu ni kumkosea yeye na marehemu wote wa pande mbili. Akaona ajibu kwanza, mtaro utafuata.

"Ndugu mgeni, usikae upande upepo unakotokea," akasema. "Hawa Wadalama maji wanayajua kwa kuyasikia. Tunaomba wajengewe josho, kama lile la ng'ombe, wapitishwe mmoja mmoja, wazee mbele."

Kicheko kikapanda mpaka mahema yakatikisika. Bi Sikudhani akangoja kitulie, akakohoa kidogo. "Sasa, nilichotaka kusema hasa ni kwamba..."

"Ahsante sana, mama," alisema Dokta Elihuruma, akichukua kipaza sauti kwa mikono miwili kwa heshima. "Mwananchi mmoja, wazo moja. La kwako limepokelewa: josho."

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Mkindo mmoja akaomba Wadalama wachimbiwe bwawa la vyura, wapate kitoweo karibu. Mdalama akaomba Wakindo wawekewe vitanda kando ya barabara, maana wakitembea hatua chache usingizi huwashika. Dokta Elihuruma alifunga mkutano akiwa na machozi machoni. Alisema katika utumishi wake wote hajaona wananchi wanaojaliana kiasi hiki. Hakuna hata mmoja aliyejiombea mwenyewe, kila mtu alimwombea jirani.

* * *

Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, mradi ulianza kwa wakati. Bi Sikudhani alifungua mlango asubuhi akakuta mafundi wanapanga mawe mbele ya pua yake.

"Ukuta huu wa nani?" akauliza.

"Wa wananchi," akajibu msimamizi, na akamwomba asimame pembeni wapime mahali pa kitundu.

Ukuta ukapanda. Ili atoke, Bi Sikudhani ilimbidi apite ubavu ubavu kama anayepitia safu ya watu msibani. Nyuma ya kibanda cha Mzee Fungameza likachimbwa josho la zege safi, lenye mteremko wa kuingilia na vizuizi vya kuzuia wasisukumane. Vitanda vya zege vikapangwa kando ya barabara, kila kimoja na mto wake wa zege. Na bwawa la vyura likachimbwa juu kidogo ya nyumba ya mwisho, likaelekezwa, kwa sababu ya mteremko, kwenye ufa wa Bi Sikudhani.

Hapo utani ukamtoka mdomoni. Alimfuata Mzee Fungameza na kumwambia, "Mtani, leo sina tusi. Mvua zikija nimekwisha."

Mzee Fungameza aliweka chini kiatu alichokuwa akishona, akavaa koti lake la Idi, wakaongozana mpaka ofisi ya Wizara. Akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeomba ukuta, na kwamba hakuutaka.

"Uliomba usichokitaka?" aliuliza Dokta Elihuruma, kwa upole uleule.

"Nilikuwa namtania tu mtani wangu."

"Mzee wangu, maoni ya mwananchi ni matakatifu. Hata mwananchi mwenyewe hawezi kuyagusa."

* * *

Waziri mwenyewe akaja kuzindua. Alikata utepe wa josho, akataka kuona linavyofanya kazi, na Wadalama, ambao ni watu wasiopenda kumwaibisha mgeni, wakamtanguliza Mzee Fungameza. Alishuka mteremko na nguo zake, akazama mpaka kidevuni, akatokea upande wa pili akapewa cheti. Wakindo walicheka mpaka wengine wakalazwa kwenye vile vitanda vya zege, jambo ambalo Waziri alilitaja katika hotuba yake kuwa ni ushahidi kwamba miradi inatumika.

Alipofika kwenye ukuta akainama kwenye kitundu kumsalimia mwenye nyumba. Bi Sikudhani alikuwa akimngoja upande wa pili.

"Mheshimiwa," alisema, mdomo umejaza kitundu kizima, "haya yote yalikuwa utani."

Waziri akainuka, akamgeukia Dokta Elihuruma. "Utani ni nini?"

Hakuna aliyejua. Lakini Serikali inayosikiliza hailali na swali. Ikaitishwa semina ya utani katika hoteli ya ufukweni, akaja mtaalamu kutoka nchi nyingine, ambaye alionyeshwa picha za video za ule mkutano wa kwanza. Mtaalamu akachunguza nyuso. Akagundua kwamba kila aliyesema jambo la utani alilisema kwa uso mkavu, bila hata tabasamu. Hapo ukatungwa Mwongozo wa Taifa wa Kutambua Utani, wenye kanuni moja iliyochapwa kwa wino mzito: *Asiyecheka anatania. Anayecheka anasema kweli.*

Mwongozo ulikuwa wa ndani ya Wizara. Watu wa Bondeni Juu hawakushirikishwa.

* * *

Waliitwa mkutano wa pili, na mara hii walijiandaa. Wakindo na Wadalama walikubaliana kwamba siku hiyo utani umefungiwa ndani. Walikuja na kanzu zilizopigwa pasi na khanga za kutokea. Mzee Fungameza alisimama kama yuko mahakamani.

"Tunaomba mtaro," alisema, "wa kupitisha maji ya mvua mpaka mtoni."

Dokta Elihuruma akautazama uso wake, akatazama Mwongozo, akaanza kutikisika mabega. Makarani wakaziba midomo. "Mtaro," alirudia mmoja wao, na meza nzima ikalipuka.

Kila aliyesimama alisema mtaro, na kila aliyesema mtaro aliwavunja mbavu. Mwisho akasimama Bi Sikudhani. Aliwaeleza habari za cherehani, meza, kitanda, gauni la bibi harusi na ufa, na alipofika kwenye ufa akalia, kwa sababu alikuwa ameogopa kwa muda mrefu na sasa uoga ulikuwa umempata mbele ya watu. Karani mmoja aliteleza kitini kwa kicheko. Dokta Elihuruma alijifuta macho, akamkabidhi zawadi ya mtani bora wa wilaya, nayo ilikuwa mwavuli.

Wazo moja tu lilipokelewa siku ile. Nyuma ya hema alikuwepo mlevi wa mtaa, Chapakazi, ambaye akilewa hucheka na hewa. Alipowekewa kipaza sauti alisema, katikati ya kicheko, kwamba anataka mnara. Haikupita muda mnara ukaletwa. Ulikuwa na mahali pa saa lakini haukuwa na saa, kwa kuwa Chapakazi hakuitaja.

Bi Sikudhani alisimama chini ya mnara ule, mwavuli mkononi, akautazama sana. Halafu akamwita mtani wake.

"Sisi tulilia, tukapewa mwavuli," akasema. "Huyu alicheka, akapewa mnara. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Mzee Fungameza. "Lakini mawingu hayo hayangoji mkutano wa tatu. Wewe lete jembe, kama Wakindo mnalijua."

* * *

Wakachimba. Wakindo walishika upande wa kushoto na Wadalama wa kulia, na utani uliokuwa umefungiwa ulitoka wote siku hiyo. Wadalama waliulizwa kama jembe linaliwa au linavaliwa. Wakindo waliamshwa kila baada ya pigo. Hakuna aliyetaka kuonekana amechoka mbele ya mtani, na kwa ajili hiyo tu mtaro ulifika mtoni kabla ya magharibi, ukiwa umenyooka kuliko kitu chochote kilichowahi kuchorwa na Wizara.

Mvua ikanyesha. Bi Sikudhani alipandisha cherehani juu ya meza kwa mazoea, kisha akaketi kizingitini kusubiri. Maji yakaja kwa kelele zilezile, yakafika kwenye bwawa la vyura, yakazidi, yakateremka, yakauona mtaro, yakaingia. Yalipita mbele yake kama wageni wanaokwenda kwa mtu mwingine. Sakafu yake ilikuwa kavu. Aliipapasa kwa kiganja, hapa na pale, na furaha ikamjaa mpaka akaona haya ingawa alikuwa peke yake.

Asubuhi ya pili Dokta Elihuruma alifika na vibarua wenye makoleo.

"Mtaro huu," alisema kwa huzuni ya kweli, "umejengwa bila kuwashirikisha wananchi. Tumeagizwa kuufukia."

"Wananchi ndio waliouchimba," alisema Bi Sikudhani.

"Ndiyo, mama. Lakini ni nani aliyewashirikisha?"

Vibarua wakashika makoleo. Mzee Fungameza alikuwa ndani ya mtaro, matope mpaka magotini, akizibua majani. Bi Sikudhani alitazama makoleo, akatazama anga, ambalo lilikuwa bado jeusi, na akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti, mikono kiunoni.

"Dokta, huu si mtaro. Hili ni kaburi."

Dokta Elihuruma akasimama ghafla. Katika nchi ile sheria ya makaburi ni kongwe kuliko Wizara zote, na hakuna ofisa anayegusa kaburi akabaki na kazi. Akautazama uso wa mama yule. Ulikuwa unacheka. Mwongozo ulikuwa wazi.

"Kaburi la nani?"

Hapo Bi Sikudhani alikuwa hajapafikiria. Kicheko kikaanza kupungua nguvu. Ndipo sauti ikatoka shimoni, nayo ilikuwa inacheka.

"La kwangu," alisema Mzee Fungameza. "Nimefariki juzi."

Bi Sikudhani alimwelewa papo hapo, na moyo ukampasuka. Mtu akiandikwa marehemu katika nchi ile hafutiki. Marehemu hapati leseni ya kibanda, hatibiwi hospitali ya Serikali, hapigi kura, hapandi basi la wazee. Alitaka kusema hapana, anatania. Lakini akiacha kucheka itakuwa utani, na makoleo yalikuwa yananing'inia. Ikambidi aendelee kucheka. Machozi yalimtiririka mashavuni naye anacheka, na mtani wake chini kule anamtazama na kucheka naye, akimtikisia kichwa kidogo kwamba usinyamaze.

"Mbona ni refu hivi?" aliuliza Dokta Elihuruma, akiandika. "Linafika mtoni."

"Marehemu alikuwa na miguu mirefu."

"Na haya maji?"

"Ni machozi," alisema Mzee Fungameza. "Wakindo walinipenda."

Vibarua wakavua kofia. Dokta Elihuruma alitoa pole kwa wafiwa, akampa marehemu mkono, akaondoka. Kabla ya mwisho wa juma palisimikwa kibao kizuri cha chuma kinachokataza mtu yeyote kufukia, kuziba au kutupa taka katika kaburi la Mzee Fungameza, na mpaka leo ndio mtaro msafi kuliko yote nchini.

* * *

Leseni ya kibanda ilifutwa kama ilivyotarajiwa. Bi Sikudhani alimhamishia mtani wake barazani kwake, nyuma ya ukuta wa mawe ambako mkaguzi haoni, na wateja wakawa wanapitisha viatu kwenye kitundu. Homa ikimshika, ni Bi Sikudhani anayekwenda hospitali kuumwa kwa niaba yake na kurudi na dawa. Bado hajamwambia ahsante. Kila asubuhi humuuliza tu kama kaburini kuna maji ya kuoga.

Halafu Wizara ikaitisha mkutano mwingine, wa kuwauliza wananchi namna bora ya kuwauliza wananchi. Mahema yakasimama, fulana zikagawiwa. Mzee Fungameza naye akaenda, akaketi mstari wa mbele, na wakati ulipofika akanyoosha mkono.

Dokta Elihuruma alimwona, akapekua karatasi, akasikitika.

"Kanuni hazituruhusu, mzee wangu. Marehemu hana maoni. Tunamwomba aketi kwa amani."

Mzee Fungameza akaketi. Bi Sikudhani, aliyekuwa kando yake, alimwinamia sikioni.

"Pole, mtani. Kufa kukoje?"

Mzee Fungameza alinyoosha miguu yake mirefu, akafikiri kwa haki kabisa, maana lilikuwa swali la maana.

"Huko kwingine kugumu," akasema. "Lakini hapa mkutanoni, mtani, sijaona tofauti."